Re: Boljointi za mbele haziingii, nitajuaje miguu imetoka gari gani?
Salama mkuu. Kwa hiyo gari ni la zamani, mtu kabla yako kabadilisha miguu ya mbele (vyuma vinavyobeba tairi za mbele), na boljointi (viungo vya duara vya miguu hiyo) ulizonunua kwa jina la gari hazikai. Sahau jina la gari. Toa tairi, sugua kwa brashi ya waya kile chuma kinachoshika habu (kitovu tairi linapofungwa) hadi zionekane namba zilizotokeza, hizo ndo za kutafutia. Nafasi ya bolti za tairi inasaidia (bolti 5 kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3 ni Ford nyingi, 120.65 ni General Motors nyingi) ila habu hubadilishwa kirahisi, usiiamini peke yake. Raki ya stelingi (fimbo ya meno inayokatisha tairi kona) ikiwa mbele ya ekseli na springi imekaa kati ya wishboni (mikono ya juu na ya chini inayoshika tairi), anza kushuku miguu ya Ford Mustang II ya 1974–78, imeigwa mno. Tupia picha ya chini.