Re: Kwa nini nyama yangu ya korongo ilikuwa ngumu?

Mkuu, umesema kifua cha sandhill (aina ya korongo) mliyemwinda Texas ulikichemsha saa nzima kama kuku wa kienyeji, kikawa kigumu. Kosa ni hapo kwenye kuchemsha. Nyama yake ni nyekundu, iko karibu zaidi na steki ya ng'ombe. Toa ngozi na ule utando mweupe, paka chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga, kisha kaanga kwa siagi kwenye kikaango chenye moto mkali, dakika tatu hivi kila upande. Ndani ibaki na wekundu. Iache itulie kidogo, halafu kata vipande vyembamba kukatisha nyuzi. Mapaja ndiyo ya kuchemsha, tena polepole, maana yana kano nyingi.

Msimu ujao usisahau kibali cha korongo, leseni peke yake haitoshi. Na tafadhali sana, alfajiri usifyatue mpaka uone rangi: sandhill ni wa kijivu, mweupe mwenye ncha nyeusi za mabawa ni whooping crane, korongo wa aina nyingine, adimu mno na analindwa kisheria. Korongo aliyejeruhiwa usitume mbwa amfuate, anaweza kumdonoa mbwa macho.