Jani la vayoleti na joto la Mombasa

Jani la vayoleti, ule mmea mdogo wa maua wa dirishani, likipandwa ili litoe miche kisha likafa hapa Mombasa, kwa kawaida halikufa kwa kiu. Limeoza. Kikonyo huanza kugeuka rangi ya kahawia pale kilipozama udongoni, kikalainika, weusi ukapanda taratibu, na baada ya siku chache jani zima likalala. Mwenye nalo akiliona limelegea hudhani lataka maji, akaliongeza. Naulizwa jambo hili na majirani karibu kila msimu, na jibu langu halibadiliki: jani lako halikukosa maji, limekosa hewa.

Maelekezo mengi tunayoyasoma yameandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Nyumba zao hupashwa moto miezi mingi ya mwaka na hewa ya ndani hukauka, ndiyo maana wanaambiwa wafunike chungu kwa plastiki na wakitafutie mahali penye joto. Sisi joto tunalo bila kulitafuta, na unyevu wa pwani anaujua kila aliyewahi kuanika nguo wakati wa masika. Ukiyafuata maelekezo yale neno kwa neno hapa kwetu, unalipikia jani mvuke.

Mimi hujiongoza kwa kuangalia mmea wenyewe unavyoishi porini, na katika hili watu wa Mombasa tuna bahati, kwa sababu vayoleti hii ya Kiafrika ni jirani yetu. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Usambara, ndiye aliyeipeleka Ulaya kutoka upande wa Tanga mwaka 1892, akamtumia baba yake. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani za Herrenhausen kule Hannover, akaipa jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka 1927 kitalu cha Armacost & Royston cha California kikatoa aina kumi zilizochaguliwa, na kutoka hapo mmea ukaingia madirishani mwa dunia nzima. Tangu 2015 wataalamu wameihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, ila wengi wetu tunaendelea na jina la zamani. Jamaa zake wengi wako kwenye milima ya Tanzania, lakini Kenya nayo ina wake: mmoja yuko msitu wa Mbololo, Taita, na mwingine kwenye miamba ya chokaa ya Kilifi, kama ile ya Cha Simba.

Zingatia hiyo miamba. Vayoleti ya porini hujishika kwenye nyufa za mawe, chini ya kivuli cha miti, ikiwa na konzi ndogo tu ya majani yaliyooza na kuvumwani. Mvua ikinyesha, mizizi hulowa, kisha maji huteremka yakaenda zake. Hayatuami. Mizizi inakunywa na inapumua. Ukilishika jambo hilo, mengine yote nitakayosema hapa utaweza kuyakisia mwenyewe.

Tuanze na majira, maana ndiyo yanayoamua zaidi ya ufundi wa mikono. Vayoleti hupenda joto la kati ya nyuzi 18 na 24. Mombasa mwezi wa Machi mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku haupoi kiasi cha kusaidia. Jani lililokatwa wakati huo lina kidonda kibichi, halina mizizi, na vimelea vya ukungu viko katika kilele cha nguvu zao. Kusi likishashika, kuanzia Juni mpaka Septemba, usiku hushuka karibu na nyuzi 21, na hapo ndipo mimi hutoa wembe wangu. Mtu akinipa jani la aina nzuri katikati ya kaskazi sitalikataa, nitajaribu kuliokoa, lakini ukiwa na hiari ya kuchagua, ngoja kusi.

Jani la kukata lisiwe la pembeni kabisa, lile kongwe lililochoka na kuanza kugeuka njano, wala lisiwe changa la katikati. Chagua la mzunguko wa pili au wa tatu kutoka nje: limekomaa, ni gumu kidogo ukiligusa, na halina doa. Livunje kwa kulisukuma kando litoke na kikonyo chake chote, kisha kwa wembe mpya ufupishe kikonyo kibaki kama sentimita tatu. Kata kwa mshazari, ili sehemu ya kutolea mizizi iwe pana. Wembe uufute kwanza kwa spiriti. Mkasi wa jikoni husaga kikonyo badala ya kukikata, na palipopondeka ndipo uozo unapoingilia. Jani likiwa kubwa sana, punguza theluthi ya juu bila huruma. Halitakufa, na litapunguza upotevu wa maji.

Kisha liache. Liweke juu ya karatasi kivulini kwa muda wa nusu saa hivi, kidonda kikauke juu juu. Katika nchi zenye hewa kavu wengine huruka hatua hii. Mimi siiruki.

Sasa udongo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo majani mengi yanapopotelea. Udongo mwekundu wa bustani haufai. Udongo mweusi unaouzwa kwa gunia kwenye vitalu vya kando ya barabara ya Malindi ni mzuri kwa mchungwa au asumini, lakini kwa jani la vayoleti ni mzito mno: hushika maji siku nyingi na kubana hewa yote. Mchanga wa pwani usiuguse kabisa, una chumvi. Kinachofaa ni kitu chepesi chenye matundu. Mimi huchanganya pumisi (vijiwe vyepesi vya volkano vyenye vitundu) ndogo ndogo sehemu mbili na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) sehemu moja. Wanaopata pelaiti, zile chembe nyeupe nyepesi za kuchanganyia udongo, waitumie badala ya pumisi, kazi ni ile ile. Mapishi mengi ya mtandaoni husema nusu kwa nusu. Kwa hapa naona nusu nzima ya kokopiti inabaki imelowa mno.

Kokopiti yenyewe inatokana na makumbi ya nazi, na sisi makumbi hatuyakosi, lakini yanakuja na chumvi yake. Hata ile ya matofali inayouzwa kwenye maduka ya kilimo, iloweke kwenye ndoo, uikamue, umwage maji yale ya rangi ya chai, utie mengine. Rudia mpaka maji yatoke karibu meupe. Mimea hii haivumilii chumvi hata kidogo. Ndiyo sababu maji ya visima vya kisiwani, ambayo ukiyaonja ulimi unayajua mara moja, usiyatumie. Hata jani likiota, chumvi hujikusanya kama ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu, na kila kikonyo kinachoegemea hapo huungua. Kinga maji ya mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha kunguru juu ya paa, halafu utege ndoo. Mvua ndogo za Julai zinatosha kujaza mitungi ya kuotesha majani msimu mzima. Asiye na pa kukingia atumie maji ya mfereji yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo wazi.

Kopo dogo linatosha: kikombe cha mtindi kilichotobolewa chini ni bora kuliko chungu kikubwa kizuri. Jaza mchanganyiko uliolowa kisha ukakamuliwa, yaani ukiufinya mkononi usitoe tone. Toboa kishimo kwa kijiti, tia kikonyo sentimita moja na nusu tu, kikiwa kimelala kidogo, jani likitazama juu. Usilizamishe jani lenyewe. Bonyeza kidogo pembeni lisimame, na usilimwagie maji siku hiyo.

Kuhusu kufunika, msimamo wangu unajulikana tayari, lakini sisemi kufunika ni haramu. Chumba chenye eisii hukausha hewa, na aliye katika chumba hicho afunike. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na kwa kazi hii haikuwa na faida kubwa. Chupa ya maji iliyokatwa kitako inafaa zaidi, kwa sababu ukifungua kizibo hewa inapita. Kwenye nyumba ya kawaida yenye madirisha wazi, jani la vayoleti lenye nyama yake na manyoya yake linajitegemea bila kifuniko. Ukiona matone yanaganda ndani ya chupa mchana kutwa, ondoa.

Mwanga uwe mwingi lakini jua lisilipige. Dirisha la mashariki ni zuri ikiwa jua la asubuhi linachujwa na pazia jepesi. Wenye dirisha linalotazama kusini wana nafasi nzuri zaidi katika majira ninayoyapendekeza, kwani Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini yetu, na dirisha hilo hupata mwanga mtupu bila miale. Hapo hapo upepo wa kusi unapita na kupooza, ingawa walio karibu na bahari kama Kizingo au ufuoni Nyali wasogeze kopo ndani kidogo, upepo ule hubeba chumvi.

Maji yatiwe kupitia chini. Weka kopo kwenye kisahani chenye maji kwa robo saa, kisha umwage yaliyobaki. Subiri mpaka juu pakauke ukipagusa. Maji yaliyo baridi kuliko jani huacha mabaka meupe yasiyofutika, kwa hiyo maji ya friji hapana. Na maji ya tangi la juu ya paa saa saba mchana yanaweza kuunguza, basi yaache yapoe.

Baada ya wiki tatu au nne, livute jani kidogo sana. Likikataa kutoka, lina mizizi. Kinachofuata ni kungoja, na kuna kitu cha ajabu kinachoendelea chini pale ambacho mimi hakinichoshi kukifikiria. Kwenye ncha iliyokatwa, chembe hai zilizokuwa zimeshamaliza kazi yao ya kuwa kikonyo zinaanza upya kugawanyika, zinatoa mizizi, halafu zinatoa mche kamili wenye uwezo wa kutoa maua. Miche huchomoza juu baada ya miezi miwili au mitatu, mara nyingi kadhaa kwa jani moja. Maua ya kwanza yahesabie mwaka, pengine pungufu kidogo.

Kwa kuwa kila mche unajengwa upya namna hiyo, miche mingi hufanana na mama yake, isipokuwa aina moja muhimu kuijua kabla hujatoa pesa: zile ambazo kila petali ina mstari wa rangi tofauti kutoka katikati hadi ncha. Hizo mwili wake una tabaka za chembe za asili mbili, na jani haliwezi kuzirudisha zote katika mpangilio wake. Utapata ua la rangi moja tu. Zinazaliwa kwa machipukizi ya pembeni.

Jambo hili hili huwapata wenye sansevieria (ule mmea wa majani marefu yaliyosimama kama panga) ya kingo za njano. Kipande cha jani kitaota, bila shaka, lakini mche utatoka kijani kitupu; ukitaka njano yake, gawa shina la chini. Peperomia, mmea mwingine mdogo wa ndani ya nyumba, inafuata njia ya vayoleti karibu kila hatua. Begonia ya majani makubwa ya rangi unaweza kuilaza juu ya mchanganyiko ukakata mishipa ya chini ya jani, na kila palipokatwa panaweza kutoa mche, ingawa hiyo ndiyo inayotaka kufunikwa kweli maana jani lake ni jembamba. Zamioculcas, ule mmea wa majani mazito yanayong'aa unaoonekana kwenye mabenki na maofisi, nao ni mzaliwa wa ukanda wetu wa pwani: kijijani chake kimoja hutengeneza kiazi kidogo chini kabla ya kutoa chipukizi, na huweza kukaa miezi mingi kikionekana kana kwamba hakifanyi kitu. Usikichimbechimbe. Mani planti, ule mmea wa kutambaa wa ndani ya nyumba, ni kinyume chake: jani tupu litatoa mizizi kwenye glasi ya maji na litabaki hivyo hivyo. Lazima ukate na kifundo cha shina.

Nawasihi sana wanaosafiri kwenda Kilifi au Taita: msing'oe vayoleti za miambani. Zinaishi kwenye sehemu ndogo mno, ufa huu na ule, na zikiondolewa hakuna za kujazia. Jani moja la jirani, lililoombwa kwa adabu, litakupa miche ya kutosha wewe na dada zako, na mama mwenyewe anabaki kwenye dirisha lake.

Miche usiitenganishe mapema. Ngoja majani yake yafikie ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Mwaga kopo lote juu ya gazeti, achanisha kwa vidole kila mche na mizizi yake, upande kwenye kopo lisilozidi sentimita sita, kwa mchanganyiko ule ule ukiongezewa kidogo mboji iliyochekechwa. Mbolea ya maji isianze mpaka uone jani jipya, na ianze kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kagua katikati ya mche kila wiki. Wadudu weupe wenye unga hujificha hapo, na pamba iliyochovywa spiriti huwamaliza wakiwa bado wachache. Jani mama, kama bado ni gumu na la kijani, usilitupe. Likate ncha upya, lipumzike nusu saa kivulini, na ulirudishe kwenye kopo lingine. Mengi hutoa uzao wa pili.