Kuusoma Uoto Kuzunguka Mgodi wa Kale wa Kilembe: Kwa Wanaoanza Kazi ya Porini

Ukipewa kazi ya kuainisha uoto kuzunguka mgodi wa shaba wa Kilembe, kwenye miteremko ya Rwenzori upande wa Uganda, utakabidhiwa pia jedwali linaloupanga mlima kwa mwinuko: mashamba na nyasi chini, msitu wa milimani kuanzia karibu meta 2,000, kisha mianzi, kisha miti ya jamii ya Erica kuanzia meta 3,000 hivi, na juu zaidi lobelia na senesio kubwa. Jedwali hilo ni sahihi kwa mlima mzima, lakini katika bonde la mto Nyamwamba halitoshi, na mimi nilichelewa kulielewa hilo. Kabla ya kuuliza ni mmea gani umeota mahali fulani, uliza ardhi ya mahali hapo imepitia nini.

Anzia chini, kwenye malundo ya topesumu, yaani tope lililobaki baada ya madini kuchenjuliwa. Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 1956, reli ilipofika Kasese, ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shaba ilipelekwa Jinja kuyeyushwa, lakini mabaki ya uchenjuaji yalibaki kandokando ya mto. Piga magoti hapo, usitazame ukiwa umesimama. Utaona ukoko mgumu wenye rangi ya kutu, na nyasi fupi zilizojikusanya kwenye mashimo machache ambamo mvua imeleta udongo mwingine. Ukichimbua shina moja utakuta mizizi imetanda ndani ya udongo huo mgeni tu, haikuthubutu kuingia kwenye tope. Madini ya salfa yaliyomo humo yakikutana na hewa na maji huzaa asidi, nayo shaba iliyobaki huumiza mizizi. Kwa hiyo usiandike kwamba hapo ni “nyasi za ukanda wa chini”, hata kama mwinuko unakuruhusu. Ni ardhi ya mgodi, na inastahili aina yake katika ramani.

Nje ya malundo hayo mambo hubadilika ghafla. Utakuta mabingobingo, kangaga, Lantana camara na mikalitusi iliyopandwa, vikichanganyika na mashamba ya Wakonzo ya kahawa, migomba na mihogo. Vichaka hivi huwachosha wengi wakaviita vyote “vichaka vya sekondari”, yaani vilivyoota baada ya uoto wa awali kuondolewa, na kupita. Vitenganishe walau kwa kangaga na mabingobingo, kwa sababu kangaga iliyotanda peke yake mara nyingi ni dalili ya mahali palipochomwa moto mara kwa mara.

Ndani ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994, msitu nao una historia. Ukikutana na miti mingi ya Neoboutonia macrocalyx, zenye majani mapana ya umbo la moyo, ujue umesimama mahali palipowahi kufunguka, kwa kukatwa au kwa maporomoko, kwa kuwa mti huo hukimbilia mwanga na hukua haraka. Usiihesabu sehemu hiyo pamoja na msitu wenye miti mikubwa ya Symphonia na Prunus africana.

Kosa langu kubwa nililifanya juu zaidi, karibu na mianzi. Nilikuta mteremko mzima wa mashina makavu, mwanga ukipenya hadi chini, nikaandika bila kusita: “uoto umeharibiwa kwa ukataji.” Mzee aliyekuwa akituongoza, ambaye ujana wake aliumaliza mgodini, aliniomba nimwonyeshe kisiki kimoja chenye alama ya panga. Sikukipata. Mashina yale yalikuwa ya Mimulopsis, mmea ambao huota kwa wingi, ukachanua kwa pamoja baada ya miaka kadhaa, kisha ukafa kwa pamoja. Nilipoinama niliona miche yake midogo imejaa ardhini, kijani kibichi, kila mmoja na majani mawili tu. Nilikuwa nimeshawatuhumu wanakijiji kwa jambo ambalo mmea wenyewe umelifanya, na ripoti za namna hiyo huwafikia wenye mamlaka ya kufunga njia za watu.

Kwenye ukanda wa Erica, hali ni kinyume chake: ukiona vigogo vyeusi vilivyosimama, usidhani vimejifia vyenyewe. Moto wa mwaka 2012 uliunguza eneo kubwa la sehemu za juu za bonde hili, na mafuriko ya Mei 2013 yaliyoporomosha mawe hadi Kilembe yalikuta miteremko hiyo bado haijafunikwa. Kwa hiyo katika kila ploti ya ukanda huo andika urefu wa machipukizi na kina cha kuvumwani na mboji juu ya jiwe, pamoja na tarehe uliyopima, ili atakayerudi baada yako ajue msitu umerudi kiasi gani.