Maswali yenu: Boti, ziwa na sheria za Minnesota

Toka barafu imeanza kuyeyuka barua za boti hazikatiki, na naelewa, Minnesota ina maziwa 11,842 ya eka 10 kwenda juu, ukikaa hapa miaka miwili mitatu lazima kuna jirani au mfanyakazi mwenzio atakuambia twende tukavue, na ukishaenda mara moja unaanza kuangalia bei za boti kwenye simu usiku. Nimechagua nne.

Ila kwanza hili moja, manake wengi mnachanganya. Sheria za boti huku Marekani sehemu kubwa ni za jimbo. Serikali kuu ina zake, Kosti Gadi, yaani walinzi wa pwani, ndo wanapanga mambo ya vifaa, lakini mtoto avae jaketi la kuokolea (laifujaketi) mpaka umri gani, nani aruhusiwe kuendesha, mwendo gani karibu na ufukwe, hayo kila jimbo lina yake, na inayokubana ni ya jimbo lenye maji uliyopo siku hiyo. Ukivuka kwenda Wisconsin kuvua, ya Wisconsin ndo yako.

SWALI: Shikamoo. Mume wangu kanunua boti ya mkononi, yaani iliyotumika, futi 17, injini hospawa 60. Tuna watoto watatu, miaka 4, 8 na 12. Yeye kakulia Mwanza, anaogelea toka mdogo, anasema laifujaketi zikae tu chini ya kiti za kumwonyesha polisi wa ziwa akitusimamisha. Mimi siogelei kabisa na roho yangu haijatulia. Je ni kweli sheria inataka ziwepo tu? – Mama watatu, Brooklyn Park

JIBU: Marahaba mama. Mumeo ana nusu ya ukweli na hiyo nusu ndo inayonitisha.

Kwa watu wazima Minnesota ndivyo ilivyo, kila mtu aliyemo kwenye boti lazima awe na jaketi lake lililothibitishwa na Kosti Gadi, linalomtosha, na liwe mahali pa kulifikia mara moja. Chini ya kiti kilichofungwa, limefunikwa na nanga na boksi la barafu la vinywaji, hapo halihesabiki, na lile ambalo bado lipo kwenye nailoni yake ya dukani pia halihesabiki. Boti yenu kwa vile inazidi futi 16 inatakiwa pia iwe na boya la kurushia, lile la umbo la mto wa kukalia au la duara, na honi au filimbi. Lakini kwa watoto ni kuvaa, sio kuwa nalo. Aliye chini ya miaka 10 lazima alivae boti ikiwa inatembea, kwa hiyo wa miaka 4 na wa miaka 8 hamna mjadala. Wa miaka 12 jimbo halimlazimishi. Nakuomba mama umlazimishe wewe. Hiyo 10 ni mstari wa hapa tu, Texas ni chini ya miaka 13 kwenye boti isiyofika futi 26, Michigan ni chini ya 6, New York ni chini ya 12, maji ni yaleyale na mtoto anazama vilevile.

Jaketi la mtoto linanunuliwa kwa kilo, huku wanaandika kwa paundi: chini ya 30, 30 hadi 50, 50 hadi 90, juu ya 90 ni la mtu mzima. Usimnunulie kubwa ati atalikulia, hii tabia yetu ya sare za shule ziwani haifai. Mvalishe, funga zipu na mikanda yote, halafu shika mabegani umnyanyue, likipanda likamfunika kidevu au masikio, sio lake. Na yale maputo ya kuvaa mikononi ni ya kuchezea kwenye bwawa, hayahesabiki.

Sasa nizungumze na baba mwenyewe, kaka, nadhani mkeo atakusomea. Ziwa Victoria ulilojifunzia kuogelea maji yake yana joto mwaka mzima. Hapa ziwa limekaa na barafu hadi Aprili, na katikati ya Mei msimu wa kuvua samaki wa walleye ukifunguliwa, jua linawaka umevaa fulana unajiona uko Capri Point kule Mwanza, ila maji bado ni ya friji. Mtu akiangukia maji hayo dakika 1 ya kwanza anahema kwa nguvu bila kutaka, yaani mwili wenyewe unavuta pumzi, na kichwa kikiwa chini ya maji ni maji unayoyavuta. Akipita hapo ana kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inamsikia, baada ya hapo vidole havikamati hata kamba. Kupoteza fahamu kwa baridi kunaweza kuchukua kama saa 1, kwa hiyo wengi hawafi kwa baridi, wanazama kabla baridi haijawaua, na wapo wanaojua kuogelea vizuri sana. Walinzi wa pwani walihesabu watu 564 waliokufa kwenye boti za starehe mwaka 2023 nchi nzima, ambao sababu ya kifo ilijulikana robo tatu walizama, na kati ya waliozama ambao ilijulikana walivaa au hawakuvaa, 87 katika kila 100 hawakuwa na jaketi mwilini. Jaketi zingine zilikuwemo kwenye boti, chini ya kiti.

Mimi niliteleza kwenye gati mwezi wa tano, miaka kadhaa imepita, nafunga kamba tu, boti haitembei hata. Nilizama kichwa kizima, nikavuta ile pumzi ninayoisema, nikameza maji, na mwenzangu alikuwa mita tatu tu ila sikuweza kumwita sauti haitoki kabisa. Nilikuwa nimevaa kwa sababu mke wangu alinigombeza asubuhi. Jaketi ndo lilinirudisha juu. Toka hapo nalivaa kwenye maegesho kabla sijashuka kwenye gari.

Na wewe mama usiyeogelea, vaa muda wote, hakuna atakayekucheka na akicheka mwache.

Kwa vile ni boti ya mkononi hakikisheni mmebadilisha usajili kwa jina lenu, wanaohusika ni idara ya maliasili ya jimbo ile DNR, usajili unakaa miaka 3, namba inayoanza na MN ibandikwe pande zote mbili za omo, yaani mbele ya boti, kwa herufi za urefu wa inchi 3 au zaidi, rangi ionekane kwa mbali. Na kama ina kizima moto kigeuze uangalie mwaka uliogongwa kwenye chupa, vile vya kutumia mara moja vikipita miaka 12 toka kutengenezwa havitambuliki tena, na boti za mkononi nyingi zinauzwa na kizima moto kilichokufa zamani.

SWALI: Mambo vipi, mi nina miaka 19, anko wangu ana boti na anataka niwe naendesha yeye akivua. Rafiki zangu wanasema siku hizi lazima cheti. Anko anasema yeye kaendesha miaka 15 hajawahi kuulizwa. Nani yuko sawa? – Kijana, St. Cloud

JIBU: Poa kijana. Wote wako sawa, kila mtu kwa umri wake. Sheria mpya imeanza 1 Julai 2025 na inaingia kwa awamu kufuata mwaka wa kuzaliwa. Awamu ya kwanza inawahusu waliozaliwa kuanzia 1 Julai 2004, hapo wewe umo. 2026 inashuka mpaka waliozaliwa kuanzia 1 Julai 2000, 2027 mpaka 1996, halafu 2028 mpaka waliozaliwa kuanzia 1 Julai 1987. Kama anko kazaliwa kabla ya hapo hataguswa, ila wadogo zake huenda wakaguswa, waambie mapema.

Kozi inafanyika kwa intaneti, kuna mtihani, ukipita unapata kibali. Ukiwa bado huna unaweza kushika usukani iwapo pembeni yako yupo mtu wa miaka 21 au zaidi ambaye ana kibali au umri wake haumdai kibali, na awe karibu kiasi cha kunyoosha mkono akafika kwenye usukani. Sasa anko akikaa kule tezi, nyuma ya boti, na fimbo yake ya kuvulia, mgongo kakupa, hiyo haihesabiki, kwa hiyo fanya kozi tu. Utajifunza pia nani ampishe nani mkikutana, taa nyekundu ni kushoto na kijani ni kulia, na mambo ya jetiski, ile pikipiki ya majini, manake jetiski ina masharti yake, huruhusiwi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, unatakiwa utoke saa moja kabla ya jua kuzama, na ukiwa ndani ya futi 150 toka ufukweni au kwa waogeleaji ni mwendo wa kutambaa.

Halafu kuna ile kamba nyekundu iliyojiviringisha pale kwenye swichi ya injini. Ifunge kwenye jaketi lako au mguuni. Toka 1 Aprili 2021 ni sheria ya nchi nzima kwa boti zisizofika futi 26 zilizowekewa hiyo swichi, ukishaongeza mwendo lazima uwe umejifunga. Kazi yake ni kwamba ukirushwa majini kamba inachomoka na injini inazima. Isipozima, boti isiyo na mtu kwenye usukani mara nyingi inageuka na kuzunguka duara, inarudi palepale ulipoangukia, na panga la injini likiwa linazunguka. Najua vijana mnaiona kamba ya watoto, naomba uifunge.

SWALI: Tunataka kukodi pontuni, ile boti pana ya sakafu bapa, kwa ajili ya graduation ya mdogo wetu, ukoo wote utakuwepo kama watu 16. Pontuni imeandikwa watu 10 ila ni kubwa kweli na watoto si wanahesabiwa nusu? Pia dereva akinywa bia mbili ni tatizo? – Kaka mkubwa, Burnsville

JIBU: Kaka hongereni kwa graduation. Watu 10 ni watu 10, mtoto ni mtu. Kodi mbili, au nendeni kwa zamu wengine wabaki ufukweni na nyama choma.

Hapa sitaki kuzunguka. Sisi tuliotoka kwenye ziwa tunaijua 21 Mei 1996 na MV Bukoba ilipozama, tunaijua 20 Septemba 2018 na MV Nyerere pale Ukara, kivuko cha watu 101 kikabeba zaidi ya 200 na wengi hawakurudi nyumbani. Kile kibati chenye idadi ya watu na uzito hakijawekwa kwa ajili ya polisi. Pontuni inaonekana haipinduki kwa sababu ni pana, lakini wote mkikimbilia mbele kupiga picha maji yanapanda juu ya sakafu, na ikishalalia upande mmoja watu nao wanateleza kufuata upande huohuo.

Pombe: Minnesota kunywa ndani ya boti sio kosa, kuendesha umelewa ndo kosa, na kiwango ni kilekile cha gari, 0.08. Ukikamatwa kwa mara ya kwanza faini inaweza kufika dola 1,000 na jela inawezekana, unazuiwa kuendesha boti siku 90 za msimu, na toka Agosti 2018 ukikutwa na hatia leseni ya gari pia inaguswa. Kwa mwenye kazi ya Uber au ya kuendesha lori hebu fikiria. Bia mbili juani, upepo, mtikisiko na kelele ya injini zinamchosha mtu kuliko bia mbili za sebuleni. Chagueni mmoja asiyekunywa kabisa siku hiyo, mpeni yeye sahani ya kwanza.

Na injini ikiwa inaunguruma mtu asiogelee wala kukaa kule nyuma kwenye ngazi, hata kama mmesimama. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Jimbo hili lina sheria inayoitwa Sophia's Law, inalazimisha king'amuzi cha hiyo gesi kwenye boti zenye chumba cha kulala, ilipitishwa baada ya mtoto wa miaka 7 kufa kwenye ziwa Minnetonka mwaka 2015, ndani ya boti ya familia yake. Mtoto akilalamika kichwa au anasinzia ghafla, msimlaze kwenye kona kwamba jua limemchosha. Zima injini, mtoeni kwenye hewa safi, pigeni 911.

SWALI: Nilisimamishwa barabarani navuta boti, nikaandikiwa faini eti kizibo cha tundu la kumwagia maji chini ya boti kilikuwa hakijatolewa. Boti ilikuwa kavu kabisa! Hii ni haki kweli? – Mvuvi, Rochester

JIBU: Pole ndugu, ila ni sheria, sio uonevu. Ukitoka ziwani unachomoa kizibo, unamwaga maji yote ya boti na ya ndoo, unabandua majani kwenye trela, na safari nzima kizibo kinakaa nje hata kama boti ni kavu. Sababu ni wale kome wadogo wa kigeni wanaoitwa zebra masel, wakiwa wachanga huwaoni kwa macho, wanasafiri kwenye maji kidogo tu ya chini ya boti, wakiingia ziwa jipya hakuna anayeweza kuwatoa tena. Wanakwangua miguu ya watoto, wanaziba mabomba na wanakula chakula cha samaki wachanga. Sisi tuliona magugu maji yalivyofanya kule kwetu, hili tunalielewa kuliko wengi. Chambo kilichobaki kitie kwenye taka, usikimwage majini.

Mi nakifunga kizibo kwenye ufunguo wa gari kwa kamba, kwa hiyo nikifika ziwa lingine siwezi kuzima gari bila kukiona, nakirudisha kwanza ndo nashusha trela, manake wapo waliokumbuka kukitoa wakasahau kukirudisha na boti ikajaa maji palepale kwenye gati.