Barua ya umoja ikichelewa, zege halisubiri

Mmeuliza wiki hii: je, umoja wa wakazi upewe mamlaka ya kuzuia ujenzi wasioutaka mtaani? Ndiyo, upewe. Ila hapa Moshi hata nafasi zilizopo tayari zinaachwa zipite, na hilo ndilo linaloniuma.

Tazameni ukumbi wa sherehe uliojengwa katikati ya makazi kule Shantytown. Kiwanja kilipimwa kwa ajili ya makazi, mwenyewe akaomba kubadili matumizi. Bango la tangazo lilisimikwa kando ya michongoma, wapita njia wakadhani ni la dalali. Umoja uliamka malori ya kokoto yalipoanza kupanda. Ikaandikwa barua kali kwa diwani, saini zimejaa ukurasa, lakini hakuna saini hata moja iliyoandikiwa namba ya kiwanja na kitalu. Afisa mipango miji atajuaje nani amepakana na eneo na nani anaishi mtaa wa tatu? Barua ililaumu ulevi na maadili. Haikutaja maegesho, maji taka wala upana wa barabara, mambo ambayo kamati ya mipango miji inaweza kuyapima. Haikuambatishwa muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa wenye orodha ya mahudhurio na saini za mwenyekiti na mtendaji. Umoja si serikali ya mtaa, kwa hiyo bila muhtasari huo barua yake ni maoni tu. Tena ilifika kamati ikiwa imeshaketi.

Kilichosaidia ni michoro. Mjumbe mmoja alilinganisha michoro iliyogongwa muhuri na msingi uliochimbwa, akakuta jiko na stoo vimekaa palipochorwa maegesho. Huo ni ukiukaji wa kibali, hauhitaji mjadala wa maadili. Zuio la ujenzi likatoka, kuta zikavunjwa, maegesho yakarudi. Ukumbi wenyewe ukabaki.

Kukimbilia mashauri kungechelewa zaidi. Tangu mwaka 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui. Ukitaka kuishitaki halmashauri, unatoa kwanza notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku 90 zinatosha kumwaga zege la ghorofa ya kwanza.

Hata hivyo, umoja ule ule baadaye ulipinga chekechea. Wanachama wake ni wanaolipa ada ya walinzi. Wapangaji wenye watoto wadogo hawakuulizwa. Nikilitazama hilo, mamlaka niliyotaka kuupa pale juu naona afadhali nisiupe. Upewe nakala ya kila ombi la kubadili matumizi siku lile linapopokelewa, na nafasi ya kusema mbele ya kamati. Uamuzi wa wakazi utoke kwenye mkutano wa mtaa, ambako mpangaji naye ana sauti, ingawa najua mikutano hiyo mara nyingi haifikishi akidi.

Kingo za mto Karanga na Rau ni suala jingine. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60, kwa hiyo pale hakuna cha kupigia kura. Umoja upime kwa futikamba kutoka ukingoni, upige picha futikamba ikionekana, kisha upeleke barua Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yapo hapa hapa Moshi, na nakala NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kabla msingi haujapanda.