AC ya gari la michezo la zamani: gesi iwe ya mwisho kushukiwa

Kabla hujamruhusu mtu yeyote aunganishe mtungi wa gesi ya AC kwenye gari lako, muulize: umejuaje kwamba gesi imepungua? Kwenye magari ya michezo ya miaka ya themanini na tisini yenye AC inayojiendesha, ile unayoiwekea nyuzi 22 halafu inapanga yenyewe feni, joto na mahali pa kutolea hewa, gesi ni mshukiwa mmoja kati ya wengi. Nimekaa na gari la aina hii kwa miaka, nimefungua dashibodi yake na za marafiki zangu, na mara nyingi ugonjwa niliukuta kwenye kipande kidogo kisichohusiana na gesi hata kidogo.

Ndani ya boksi moja chini ya dashibodi kuna evapoureta inayopoza hewa na kirejeta kidogo cha hita kinachopitisha maji ya moto ya injini. Kati yao kuna kilango kinachochanganya baridi na moto. Kompresa (pampu ya gesi ya AC) inaweza kufanya kazi yake vizuri kabisa, na wewe ukaendelea kupigwa na hewa ya moto kwa sababu kilango kimekwama upande wa hita. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni mkono. Injini iwe inazunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta, AC iwe imewashwa kwa dakika chache, kisha shika lile bomba nene linalotoka ndani ya gari kurudi kwenye kompresa (jihadhari na mkanda na feni ya rejeta). Likiwa baridi na linatoa jasho huku matundu ya dashibodi yakitoa moto, achana na habari za gesi. Tafuta kilango, mota yake, au kile kinachoiamrisha. Angalia pia valvu ya maji ya hita kama gari lako linayo, kwa sababu ikishindwa kufunga, hita haipoi kamwe.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni sensa, kile kifaa kidogo kinachopima joto la ndani ya gari. Imejificha nyuma ya kijidirisha chenye matundu madogo, na ili isome joto la kweli ni lazima hewa ya ndani ya gari ipite juu yake. Magari mengine yana kifeni kidogo cha kuivuta hewa hiyo, mengine yana mpira mwembamba uliounganishwa na boksi la AC. Kifeni kikifa, au mpira ukichomoka, au vumbi la miaka thelathini likiziba matundu, sensa inabaki kusoma joto la dashibodi yenyewe, ambayo imechomwa na jua. Kompyuta ya AC inadhani ndani kuna joto kali kuliko lilivyo, inazidisha baridi na feni, kisha inageuka ghafla na kuanza kuongeza joto. Ukiona gari linabadilisha mawazo hivyo, kata kipande cha tishu chenye ukubwa wa ukucha, washa AC, ukisogeze kwenye kijidirisha. Tishu inapaswa kuvutwa na kunata pale. Ikidondoka, umeshapata pa kuanzia.

Sensa yenyewe kwa kawaida ni rezista inayopungua ukinzani kadiri inavyopata joto. Ichomoe, weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, kisha ifumbate kiganjani. Namba inatakiwa ishuke taratibu bila kurukaruka. Ikiganda pale pale au ikisoma kama waya uliokatika, sensa imekufa. Usiinunue kwa kufananisha umbo tu, kwa maana sensa mbili zinazofanana sura zinaweza kuwa na omu tofauti kabisa kwenye joto lile lile, na kompyuta haina namna ya kujua.

Sasa vilango. Kwenye magari mengi ya zamani vinasukumwa na vakyumu (mvuto wa hewa) ya injini kupitia vimipira vyembamba. Dalili yake haifichiki: ukikanyaga mafuta, hewa inahama kutoka usoni na kwenda kwenye kioo cha mbele, ukiachia inarudi. Ukikanyaga mafuta vakyumu ya injini inapungua, na kama tangi dogo la akiba au valvu yake ya upande mmoja inavuja, vilango vinarudi kwenye nafasi yao ya usalama, ambayo kwa kawaida ni kioo. Fuata vimipira kutoka injini hadi ndani. Vile vilivyo karibu na joto la injini hukauka na kupasuka kwenye viungio, ufa mwembamba usioonekana mpaka ukunje mpira kwa vidole.

Gari lenye mota za umeme lina mambo yake. Sikiliza. Mlio wa tiki-tiki-tiki nyuma ya dashibodi baada ya kuwasha ni gia ya plastiki iliyovunjika jino. Kama betri ilichomolewa, mifumo mingi inahitaji kujifunza upya mwanzo na mwisho wa kila kilango. Washa swichi, usiguse kitufe chochote, acha mota zimalize safari yao. Na ukiona chembechembe nyeusi za sponji zinarushwa na matundu, hiyo ni kingo ya kilango inayoshika hewa isipite. Ikishaliwa, moto unapenya hata kilango kikiwa kimefunga, na hakuna sensa mpya itakayoponya hilo.

Kompyuta ya AC naifikia baada ya hayo yote, lakini kwenye magari ya umri huu haiwezi kuachwa. Inakaa kwenye dashibodi inayopata moto na kupoa kila siku, kwa hiyo lehemu inapata nyufa za mviringo kuzunguka miguu ya viunganishi na rilei, na kapasita zinavuja. Inayofanya kazi asubuhi na kufa mchana jua likishawaka ni ya kushukiwa sana. Fundi wa redio mwenye mkono mwepesi anaweza kulehemu upya na kubadilisha kapasita, na mimi namwamini kuliko boksi lililotumika la kuchukuliwa kwenye gari lingine lenye umri ule ule. Kabla hujaichomoa, tafuta kwenye kitabu cha ufundi kama ina hali ya kujipima. Nyingi zinayo, zinaonyesha namba za hitilafu kwenye skrini yake ndogo ukibonyeza vitufe fulani kwa pamoja.

Feni inayokwenda kasi ya juu tu, au isiyozimika, mara nyingi ni moduli au rezista ya feni, kipande kinachodhibiti kasi yake. Hapa kuna mtego: usibadilishe moduli ukaishia hapo. Mota ya feni yenye beringi iliyochoka inavuta ampea nyingi kuliko kawaida, na itaiunguza moduli mpya kama ilivyounguza ya zamani. Zungusha feni kwa kidole, na tazama soketi kama plastiki yake imebadilika rangi.

Kompresa inayokata baada ya nusu saa ya mwendo nayo inawapeleka watu kwenye gesi bila sababu. Angalia mwanya wa klachi ya kompresa, sahani inayovutwa na sumaku ya koili ili kompresa izunguke. Klachi inalika, mwanya unapanuka, na koili ikipata moto ukinzani wake unapanda na sumaku inadhoofika mpaka inashindwa kuvuta sahani. Kama umeme unafika kwenye koili na sahani haisogei, mara nyingi tatizo ni hilo. Kompresa nyingi zinataka karibu nusu milimita, na mara nyingi ni suala la kuondoa washa (shimu) moja nyembamba.

Ukishafika kwenye gesi kwa haki, jua kwanza gari lako lilizaliwa na gesi gani. Yale ya kabla ya katikati ya miaka ya tisini mara nyingi yalitumia R12, iliyoondolewa kwa Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa sababu inaharibu ozoni, na yaliyofuata yakatumia R134a. Kulihamisha gari kutoka R12 kwenda R134a ni zaidi ya kubadilisha viungio vya kujazia gesi: oili ya madini ya R12 haichanganyiki na R134a, oringi (pete za mpira za kuziba viungio) za zamani zinatakiwa kubadilishwa, na kiasi cha gesi kinakuwa kidogo kuliko cha mwanzo. Gari lenye injini nyuma au katikati mara nyingi lina mabomba marefu yanayopita chini ya sakafu hadi kondensa (rejeta ya AC) ya mbele, na kila kiungio ni nafasi ya kuvuja. Mwambie fundi atafute mvujo kwa naitrojeni au rangi inayong'aa kwa taa maalumu, aukarabati, abadilishe kikaushio kwa sababu kikikaa wazi hunyonya unyevu wa hewani, avute vakyumu, kisha apime gesi kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwa gari hilo.