Protini "inafunga" DNA? Na hiyo "inayopelekea" imetoka wapi?

Swali: Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari hapa Moshi. Ninaandaa muhtasari wa Kiswahili kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita ambao Kiingereza kinawapiga chenga. Nimeandika: "Protini hii inafunga DNA, hali inayopelekea jeni kutofanya kazi." Mwenzangu wa ofisini ananiambia niandike "inafungamana na DNA". Nani yuko sahihi? Na protini za aina hii tuziite "rekebishi" au "dhibiti"?

Jibu: Mwalimu, "kufunga" kuache. Mtu hufunga mzigo kwa kamba, na mtu hufunga mlango, na hapa maana hizo mbili zinagongana. Mwanafunzi akisoma "protini inafunga jeni" ataelewa kwamba jeni, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini, imezimwa, kumbe ndani ya seli zipo protini chungu nzima zinazong'ang'ania DNA kusudi jeni ianze kazi. Itakubidi uandike kwamba protini imeifunga jeni ili ifunguke, na darasa litakukodolea macho. Mwenzako amesogea karibu zaidi, ila "fungamana" inataka pande mbili zilizokubaliana. DNA haijakubaliana na mtu. Imekaa pale, protini ndiyo inayokuja kuishika. Basi andika "inashika".

Shika ni kitenzi chetu cha tangu na tangu. Kimo ndani ya shikamoo, yaani nashika miguu yako. Na tazama kinavyozaa: protini mbili zikiungana, zimeshikana; zikitua kwenye DNA na kubaki hapo, zinaishikilia; zikilegea, zinaiachia. Hatua zote hizo umezisema bila kuazima neno hata moja. Neno protini limetokana na Kigiriki, lilichapwa mara ya kwanza mwaka 1838, na halina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu uko kwenye nusu ya pili ya sentensi yako. "Hali inayopelekea." Mwalimu, na wewe pia?

Kupeleka ni kuchukua kitu hapa ukakifikisha kule. Kumpelekea mtu ni kumfikishia: nimempelekea bibi maziwa Marangu. Yupo anayepeleka, kipo kinachopelekwa, yupo anayepelekewa. Sasa nikiambiwa "ajali iliyopelekea vifo", nani amepelekewa nini? Hii ni tafsiri ya sisisi ya Kiingereza "lead to", iliyopita kwenye vyumba vya habari ikaingia kwenye tasnifu, kwenye mahubiri, kwenye hotuba za mahafali. Masika ikifika tutaambiwa mvua "zimepelekea barabara kutopitika". Mvua zimeharibu barabara. Kitenzi kipo, kifupi, kila mtu anakijua, kwa nini tunakikimbia?

Wengine watasema ninapigania sarufi. Sarufi ni sehemu ndogo. Kosa kubwa la "kupelekea" ni kwamba linaficha nani kafanya nini, na katika somo lako, mwalimu, nani kafanya nini ndilo somo lenyewe. Chukua bakteria E. coli na sukari ya maziwa, yaani laktosi, pamoja na vimeng'enya, zile protini zinazoichakata. Nimeshaona imeandikwa hivi: "Uwepo wa laktosi hupelekea utengenezaji wa vimeng'enya." Maneno saba, na kijana akishayakariri hajui lolote. Atadhani laktosi imeiendea jeni ikaiwasha.

Haikuiwasha. Bakteria huyo ana jeni tatu zilizopangana, za kushughulikia laktosi. Mbele yake kuna kipande kifupi cha DNA, na juu ya kipande hicho imekaa protini inayokishikilia. Ikiwa imekishikilia, kimeng'enya cha kunakili jeni, RNA polimerasi, hakiwezi kuendelea na kazi. Laktosi ikiingia, kiasi kidogo hugeuzwa kuwa alolaktosi, sukari inayokaribiana nayo. Hiyo alolaktosi huishika ile protini, protini hubadilika umbo, mshiko wake kwenye DNA hulegea, nayo huachia. Hapo ndipo jeni hunakiliwa na vimeng'enya hutengenezwa. Laktosi haikubonyeza swichi. Ilimwondoa aliyekuwa ameizuia. Na glukosi ikiwa tele, bakteria bado atazubaa, kwa sababu inatakiwa protini nyingine ije ishike DNA jirani na pale kumsaidia mnakili, nayo haishiki vizuri wakati wa glukosi nyingi. Hesabu vitenzi nilivyotumia: shikilia, geuza, shika, legea, achia, nakili. "Kupelekea" kungevimeza vyote.

François Jacob na Jacques Monod, wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris, walieleza mpango huu mwaka 1961, na mwaka 1965 wakapewa Nobeli pamoja na André Lwoff. Lakini mzuiaji mwenyewe, ile protini inayoishikilia DNA, alikuwa bado hajaonekana. Walter Gilbert na Benno Müller-Hill ndio waliomkamata mwaka 1966, na njia yao ni ya kusimulia darasani. Walitia majimaji ya bakteria ndani ya kifuko cha utando wenye vitundu vidogo sana. Wakakitumbukiza kwenye kimiminika chenye kemikali inayofanana na laktosi, iliyotiwa alama ya mionzi. Kemikali hiyo ni ndogo, inapita kwenye utando ikienda na kurudi. Protini ni kubwa, haitoki. Wakasubiri, kisha wakapima mionzi ndani na nje. Ndani ilikuwa zaidi. Ziada hiyo ilikuwa na maana moja tu: ndani ya kifuko kuna kitu kinachoishika kemikali na kuizuia isitoke. Ugunduzi mzima umesimama juu ya kushika. Utauelezaje kwa "hali inayopelekea"?

Turudi huku kwetu, maana maziwa yenyewe ni ya huku. Watu wengi duniani wakishakua, jeni ya laktasi, kimeng'enya kinachomeng'enya laktosi tumboni, hupoa, na maziwa mabichi huwavuruga tumbo. Miongoni mwa wafugaji wa Afrika Mashariki wapo wengi ambao haipoi. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo ya watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waliona badiliko la herufi moja ya DNA, G kuwa C, herufi kama 14,000 kabla ya jeni ya laktasi, ndani ya jeni ya jirani. Majaribio ya maabara yalionyesha kwamba C hiyo huongeza nguvu ya kuiwasha jeni ya laktasi, na kwamba iko katikati ya sehemu mbili ambapo protini hushika DNA, moja ya protini hizo ikiitwa Oct-1. Sasa mtu akiandika "badiliko hili lilipelekea wafugaji kunywa maziwa", amepindua habari kichwa chini. Ng'ombe walikuwepo, maziwa yakanywewa, na waliokuwa na C wakafaidika na kuirithisha. Badiliko halikumpeleka mtu zizini.

Najua wasemaji wa "kupelekea" ni wengi kuliko mimi, na kijiweni sitamkatiza mtu. Kaka yangu hulitumia kila siku, tunakunywa chai vizuri tu. Lakini kwenye muhtasari wa wanafunzi sitalegeza. Zipo sababisha, zuia, ruhusu, chochea, fanya, na pengine inatosha "kwa hiyo". Ukishindwa kuchagua kati ya hizo, basi bado hujajua protini imefanya nini. Rudi kwenye kitabu.

Sentensi yako iandike hivi: "Protini hii inashika DNA na kuzuia jeni isinakiliwe." Na jina ni "protini dhibiti". "Rekebishi" usilitupe, lina kazi: ndani ya seli zipo protini zinazotengeneza DNA iliyovunjika au kuharibiwa na mionzi ya jua. Hizo ndizo zinazorekebisha kweli, waachie hizo jina lao.